Neno "charge" la Kiingereza: namna ya kulisoma na kulitumia bila kuponzwa na Kifaransa

Maswali ni yale yale. Kijana anayeomba kazi kwenye kampuni ya mgodi anauliza kama "in charge" ni mtu au ni pesa. Mama anayenunua nguo Ndola, Zambia, na kuziuza soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, anauliza kwa nini risiti imeandikwa "charge" wakati hakuchaji simu popote. Deklaranti, yaani wakala wa forodha, wa Kasumbalesa kwenye mpaka wetu na Zambia, anauliza kwa nini dereva wa Zambia hakumwelewa alipomwambia lori limekuwa "charged". Nimekuwa nikiyajibu kwa mdomo, mmoja mmoja. Sasa nayaandika pamoja ili kila anayeuliza awe nayo mkononi.

Sisi wa huku tuna Kiswahili cha nyumbani, Kifaransa cha shule, na Kiingereza kinachotufikia na malori kutoka ng'ambo ya mpaka, karibu kilomita 90 tu kutoka mjini. Neno hili linapita katika lugha zote tatu, na kila moja imelipa kazi yake. Ndiyo maana linatusumbua kuliko linavyomsumbua mwanafunzi wa Dar es Salaam.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: usiitafute maana ndani ya "charge" yenyewe. Itafute kwenye neno dogo lililo jirani yake, yaani for, with, of, in, at au to. Neno dogo ndilo linaloamua.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari na biki. Kuandika kwa mkono kunasaidia kukumbuka.
- Maandishi matatu ya Kiingereza halisi yenye neno hili. Mazuri kwa kuanzia ni risiti au ujumbe wa pesa kwenye simu, tangazo la kazi, na habari ya mpira.
- Kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanafunzi, hata ile ya kwenye simu. Ile ya Kifaransa kwa Kiingereza iweke kando mpaka hatua ya 6.
- Kujua kwamba wakati uliopita wa "charge" ni "charged". Sarufi nyingine utaiokota njiani.

Hatua ya 1. Litamke sawasawa

Sema "chaji" kama unavyosema ukizungumzia simu, kisha ikate ile i ya mwisho. Umefika. Usianze na "sh" ya Kifaransa. Waingereza walilichukua neno hili kutoka kwa Wafaransa katika Zama za Kati, wakati Wafaransa wenyewe walikuwa bado wanatamka "ch". Baadaye Ufaransa ilihamia kwenye "sh", Uingereza ikabaki na sauti ya zamani, na Kiswahili kikaipokea hiyo ya Kiingereza. Kwa hiyo mdomo wako unaijua tayari.

"Charged" ni silabi moja: "chajd". Usiseme "cha-jed". "Charges" ni silabi mbili: "cha-jiz". Mahali pekee utakapohitaji "sh" ni kwenye cheo cha kibalozi, "chargé d'affaires", ambacho Waingereza wamekiacha na matamshi yake ya Kifaransa.

Hatua ya 2. Jiulize: ni tendo au ni jina?

Kama mbele yake kuna mtu au kampuni inayofanya kitu, ni tendo: "They charge", "She charged". Kama mbele yake kuna "a", "the", "no", "extra" au "of", ni jina: "a charge", "no charge". Usikae sana hapa, pita.

Hatua ya 3. Tafuta pesa

Hii ndiyo maana utakayokutana nayo zaidi, na habari njema ni kwamba Kiswahili kina tendo linalofanana nayo kabisa: kutoza. Weka sentensi mbili moja juu ya nyingine:

"They charged me 20 dollars for parking."
Walinitoza dola 20 kwa maegesho.

Anayepokea pesa yuko mwanzo. Anayelipa anafuata mara moja, kama ilivyo "-ni-" yetu ndani ya "walinitoza". Kisha kiasi, kisha "for" na kile kilicholipiwa. Mpangilio ni ule ule. Ukiwaza kwa Kiswahili hapa utakosea mara chache kuliko ukiwaza kwa Kifaransa.

Onyo la kwanza: usiweke "to" kati ya "charged" na mtu. "They charged to me 20 dollars" si sahihi.

Onyo la pili ni kubwa zaidi. "I charged 20 dollars" haina maana ya "nililipa dola 20". Maana yake ni kwamba wewe ndiye uliyetoza. Ukilipa, sema "I paid 20 dollars", au "I was charged 20 dollars", yaani nilitozwa. Nimeona watu wakijaza fomu ya kurudishiwa gharama za safari wakaandika "I charged", na mhasibu anayezungumza Kiingereza akaelewa kwamba wao ndio wanaodaiwa maelezo ya pesa walizopokea.

"To" inakuja pale unapotaja akaunti au kadi itakayobeba gharama: "Charge it to the company's account." Hapo unaomba gharama iandikwe kwenye akaunti ya kampuni.

Semi hizi ziandike kwenye daftari kama zilivyo, kwa sababu utaziona kila siku:

- "How much do you charge?" Unamuuliza fundi, mwenye lori, mtafsiri, yeyote anayeuza kazi yake. Kwa kitu kilichopo mezani uliza "How much is it?"
- "Free of charge" ni bure.
- "At no extra charge" ni bila nyongeza yoyote.
- "Charges apply" maana yake utakatwa kitu. Ukiiona kwenye ujumbe wa simu, usibonyeze kabla ya kujua ni kiasi gani.
- "Bank charges" ni makato ya benki. "Storage charges" ni malipo ya mzigo kulala kwenye ghala au depo. "Service charge" ni malipo ya huduma yanayoongezwa kwenye bili.
- "They overcharged me" ni walinipiga bei, walinitoza kupita kiasi.

Usiibebeshe "charge" kila pesa inayotoka mfukoni. Karo ya shule ni "school fees", nauli ni "fare", bei ya bidhaa ni "price", na faini ni "fine".

Hatua ya 4. Tafuta "in charge"

"In charge of" haina uhusiano na pesa. Ni usimamizi. "She is in charge of the warehouse": yeye ndiye msimamizi wa ghala. "Who is in charge here?" ni swali zuri na la heshima ukifika ofisini au mpakani na hujui umwone nani. "To take charge of" ni kuchukua usimamizi wa jambo. "They put him in charge" ni walimpa yeye usimamizi.

Kuna mtego mdogo. Ukiona "the" imeingia katikati, mambo yanageuka: "The warehouse is in the charge of Mr. So-and-so." Sasa ghala ndilo linalosimamiwa. Vivyo hivyo "The children are in her charge": watoto wako chini ya uangalizi wake. Huna haja ya kuandika hivi wewe mwenyewe. Itambue tu unaposoma.

Wanaotafuta kazi, mistari hii ni yenu. Kwenye CV andikeni: "I was in charge of the store from 2019 to 2022." Msiandike "I was charged of the store." Hiyo ni "chargé de" iliyovaa nguo za Kiingereza, na msomaji atashtuka, kwa sababu "I was charged" bila kiasi cha pesa inamfanya afikirie polisi. Tena kwenye barua ya kuomba kazi! Na kama cheo chako kwa Kifaransa kilikuwa "chargé de logistique", kwa Kiingereza andika "logistics officer" na uendelee na mengine.

Hatua ya 5. Tafuta "with"

"Charged with" mara nyingi ni mashtaka. "He was charged with theft": alifunguliwa mashtaka ya wizi.

Hapa Kiswahili chenyewe, kilichotusaidia kwenye hatua ya 3, kinaweza kutuangusha. Sisi tunasema alitozwa *kwa* maegesho na alishtakiwa *kwa* wizi, "kwa" ile ile. Kiingereza kinatenganisha: pesa huchukua "for", kosa la jinai huchukua "with". Ukisema "He was charged for theft", anayekusikia atajiuliza kama wizi umeanza kulipiwa ada. Na ukitumia "accuse", neno dogo ni "of": "accused of theft". Ziandike zote tatu ukurasa mmoja.

Wapenzi wa mpira wanakutana na maana hii kila msimu. Februari 2023, Ligi Kuu ya Uingereza ilitangaza mashtaka zaidi ya 100 dhidi ya Manchester City kuhusu kanuni za fedha. Magazeti ya Kiingereza yakajaa neno "charges", na kwa sababu habari yenyewe ilihusu pesa, wasomaji wengi wa huku walidhani ni bili zaidi ya 100 ambazo klabu ilitakiwa kuzilipa. Hapana, yalikuwa mashtaka. Dalili ilikuwapo kwenye sentensi: "charged with breaching the rules".

Na "charged" si hukumu. Aliyekuwa "charged" ameshtakiwa tu. Akipatikana na hatia wataandika "convicted" au "found guilty". Uingereza, kwa makosa ya kawaida, polisi wana hadi saa 24 za kumshikilia mtu kabla ya kumfungulia mashtaka au kumwachia, ndiyo maana utasoma "released without charge": aliachiwa bila kushtakiwa. Mtu wa namna hiyo ukimtafsiri kama mhalifu unamharibia jina. "To press charges" ni kushikilia kwamba mtu ashtakiwe, na "to drop the charges" ni kuyafuta mashtaka.

Kwenye maandishi rasmi utaona pia "The committee is charged with reviewing prices." Hakuna aliyeshtakiwa hapo. Kamati imekabidhiwa jukumu la kupitia bei. Utatofautishaje? Tazama kinachofuata "with". Likiwa ovu, ni mashtaka. Ikiwa kazi ya halali, ni jukumu.

Hatua ya 6. Livue neno Kifaransa

Sasa ndiyo ruhusa ya kuleta Kifaransa, ili ukiache mlangoni ukijua kwa nini. Hapa ndipo watu wengi wa Lubumbashi wanapoanguka.

Tuchukue mfano wa mpakani. Deklaranti yuko mjini, dereva wa Zambia yuko Kasumbalesa. Dereva anaandika: "Boss, have they charged the truck?" Yeye anataka kujua kama lori limeshatozwa malipo ya maegesho. Deklaranti anasoma "charged", anasikia "chargé", anawaza mzigo. Anajibu: "Yes, since yesterday, everything." Dereva anaelewa kwamba malipo yote yalishakatwa jana. Anangoja apewe risiti ili atoke, huku deklaranti akingoja kusikia kwamba lori lililojaa mzigo limeanza safari. Kila mmoja anamwona mwenzake mzembe, na gharama za kulala pale zinaongezeka. Sentensi moja ingewaokoa: "The truck is loaded. Parking is not yet paid."

Kwa hiyo jifunze jozi hizi. Upande wa kwanza ni Kifaransa tunachokizungumza kila siku, wa pili ni Kiingereza chake:

- "Charger un camion" ni "to load a truck". Kupakia lori ni "load", daima.
- "Un bus surchargé" ni "an overloaded bus". Usiseme "overcharged", hiyo tumeona ni kupigwa bei.
- "Prendre en charge les frais" ni "to cover the costs". Usiseme "take in charge".
- "Le malade est pris en charge" ni "The patient is being treated".
- "Enfants à charge" ni "dependent children", na kwenye fomu utaona "dependants". Hili lina uzito, kwa sababu watu hujaza idadi ya watoto kwenye maombi ya viza na ya kazi. Ukiandika "children in charge", umesema watoto wako ndio wanaoongoza nyumba.
- "Loyer charges comprises" ni "rent with bills included".
- "Cahier des charges" ni "specifications", au "terms of reference" kwa kazi ya ushauri.
- "Charge horaire" ya mwalimu ni "teaching load".
- "C'est à votre charge" ni "at your own expense": gharama ni zako.

Usijaribu kuzikariri zote leo. Chagua tatu zinazogusa kazi yako. Mwalimu ana zake, deklaranti ana zake, muuguzi ana zake.

Hatua ya 7. Simu, baruti na wanyama

Simu ni rahisi. "Charge the phone", chaji simu. "My phone is charging", simu iko kwenye chaji. "Fully charged", imejaa. "Charger" ni kile kifaa cha kuchajia. Simu ikizima kwa kukosa moto usihangaike, sema "My phone is dead."

Kwa wanaofanya kazi mgodini kuna maana ambayo ni ya uhai na kifo. "Charge" ni pia kiasi cha baruti kinachowekwa ndani ya tundu la mwamba kabla ya kulipua, na "charging" ni kazi yenyewe ya kuyajaza matundu hayo. Ukiona "charging" kwenye kibao karibu na eneo la kulipulia, usifikirie umeme wala simu. Usiingie. Muulize msimamizi kwanza.

"Charge at" ni kumrukia au kumkimbilia mtu kwa nguvu ili kumshambulia: "The elephant charged at the car." Darasani, kwenye fizikia, "positive charge" na "negative charge" ni chaji chanya na chaji hasi. Basi.

Hatua ya 8. Andika sentensi zako

Andika sentensi tano zinazokuhusu wewe: moja ya pesa, moja ya usimamizi, moja ya mashtaka kutoka kwenye habari, moja ya simu, na moja ambayo kwa Kifaransa ungesema "charger" lakini kwa Kiingereza unatumia "load". Chini ya kila "charge" piga mstari, kisha zungushia duara neno dogo lililokupa maana. Kwa mfano:

"The garage charged my uncle 50 dollars *for* the repair."
"My elder sister is *in* charge *of* the pharmacy."

Zisome kwa sauti. Kama una jamaa au mteja upande wa Zambia, mtumie. Huko Kiingereza ndicho lugha rasmi ya shule na ofisi, na watu wengi hufurahi kusahihisha wakiombwa kwa adabu.

Ukikwama

Hakuna neno dogo lolote karibu. "They charged him." Tazama nani anatenda. Wakiwa polisi, ni mashtaka. Likiwa duka au benki, ni pesa. Ukiwa bado na shaka, soma sentensi iliyotangulia. Usitafsiri sentensi hii peke yake.

Hujui kama uandike "charge" au "charges". "Free of charge" na "in charge" hazichukui s kamwe. Makato na mashtaka yanaweza kuwa mengi, kwa hiyo "bank charges" na "the charges against him" ni sawa.

Umeona "chargeable" na "charging" ukashangaa e imeenda wapi. "Charging" huidondosha, "chargeable" huitunza. Ndivyo zinavyoandikwa.

Umeona "discharge". Hili lina njia zake. Hospitalini "discharged" ni mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani. Kwenye hati ya usafirishaji wa meli utakuta "port of loading", bandari ya kupakilia, na "port of discharge", bandari ya kushushia, ambayo kwa mizigo yetu mingi ni Dar es Salaam au Durban. Deklaranti akiona hivyo hudhani kwamba kama kushusha ni "discharge", basi kupakia lazima kuwe "charge". Hati yenyewe inamkatalia: imeandika "loading". Kwa lori, tumia "loading" wakati wa kupakia na "offloading" wakati wa kushusha, na madereva wa kuanzia Kasumbalesa kwenda kusini watakuelewa mara moja.